Manju wa Watu Wote

Joakim Mboje alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, cheo ambacho mshahara wake ulikuwa baiskeli, na baiskeli yenyewe ilikuwa mali ya mradi. Alikuwa na miaka thelathini na minne, elimu ya kidato cha pili, na sauti nzito ambayo ingemfaa kanisani kama asingekuwa anasinzia kwenye mazoezi ya kwaya. Kijiji chao kilikuwa mwendo wa saa moja kutoka Zagayu, wilaya ya Bariadi, siku hizo Bariadi ikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Katikati ya kijiji kulikuwa na kijito. Huku wanakaa hawa, ng'ambo wanakaa wale, na lambo la maji lilikuwa la watu wote na ng'ombe wao, kila mmoja akinywa kwa upande wake.

Enzi za amri, kazi ya Joakim ingekuwa nyepesi. Bwana afya alikuwa akija na mgambo wawili, anatangaza kila kaya iwe na choo ifikapo Ijumaa, na Ijumaa vyoo vipo, hata kama vingi vilikuwa mashimo ya kumwonyesha bwana afya tu. Lakini sasa ulikuwa mwaka 1997. Pamba inanunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, vyama vya siasa ni vingi, na balozi wa nyumba kumi akiita mkutano watu wanamwuliza kwanza ni balozi wa chama gani. Amri ilikuwa imekufa na hakuna aliyehudhuria matanga yake. Kilichobaki ni kubembeleza.

Ndiyo maana mwezi wa tano Joakim aliitwa Bariadi kwenye semina ya kubembeleza. Mwendeshaji alikuwa mama mmoja wa mradi, Bibi Naila, mzaliwa wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili cha kukufanya uone aibu kufungua mdomo. Kisukuma chake kilikuwa neno moja, mwangaluka, ambalo ni salamu ya asubuhi, naye aliitoa hata saa kumi jioni. Watu waliitikia kwa heshima. Alikuwa mkweli. Alikiri kwamba mabango ya mwaka uliopita yalishindwa: yalikuwa na picha ya mama wa mjini anachemsha maji kwenye jiko la umeme, karatasi nene nzuri, na wanakijiji waliyapenda mno. Waliyabandika ukutani kuzuia vumbi, picha ikiwa imegeukia udongo.

Mwaka huu, akasema, hatutabandika kitu. Tutaimba. Wasukuma mnaimba kila jambo, basi na maji ya kuchemsha yaimbwe. Kila mhudumu ataje manju mmoja, yaani mtunzi na mwimbaji wa ngoma, mradi utamfundisha ujumbe na kumpa kipaza sauti.

Zamu ya Joakim ilipofika, Bibi Naila alinyanyua kalamu.

"Kule kwenu, Bwana Joakim, manju gani anapendwa na watu wote?"

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Katika ukumbi ule kila aliyenyonya ziwa la Msukuma alijua kwamba hakuna mnyama wa namna hiyo. Ngoma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na mtu huzaliwa upande wake kama anavyozaliwa na masikio. Baada ya mavuno pande mbili husimama uwanja mmoja, huku na huku, saa ileile, kila manju na watu wake, na ushindi ni watazamaji: anayewavuta wengi ndiye mshindi wa siku. Na watazamaji hawavutwi kwa mafundisho ya maadili. Wanavutwa kwa matusi yaliyotungwa vizuri juu ya upande wa pili. Jibu la kweli lilikuwa: mama, chukua wawili, au usichukue hata mmoja.

Lakini Joakim alikuwa Mgika. Baba yake Mgika, babu yake Mgika, na Bagika walikuwa wameshindwa miaka mitatu mfululizo, mpaka watoto wa ng'ambo wakiwapita wanashika pua.

"Maganga," akasema. Hakumeza hata mate.

Bibi Naila akaandika: Maganga, anapendwa na wote.

Maganga alikuwa manju wa Bagika. Wa Bagalu pale kijijini alikuwa Ngeleja, ng'ambo ya kijito, na mke wa Ngeleja alikuwa Elina, dada yake Joakim, tumbo moja. Wazazi wao walikuwa wamekufa. Elina ndiye aliyembeba Joakim mgongoni, ndiye aliyemfundisha kuoga, na ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa akimwita Joa. Joakim alimfikiria, ni kweli, akiwa njiani kurudi na baiskeli yake. Alifikiri kwamba atacheka.

Siku ya ngoma, mwezi wa sita, uwanja ulijaa mpaka ng'ombe wakakosa njia. Maganga alikuja na fulana mpya yenye picha ya sufuria, na kile kipaza sauti cha betri. Ngeleja alikuwa na koo lake tu. Kwa nusu saa ya kwanza Ngeleja alimshinda hata hivyo, maana alikuwa na koo hasa. Ndipo Maganga alipoingia kwenye ujumbe wa mradi. Aliuimba wote kama alivyofundishwa: chemsha, subiri, funika. Kisha akaongeza ubeti ambao mradi haukumfundisha. Aliuliza ni kina nani wanaokunywa lamboni kichwa kwa kichwa na mitamba, mpaka ndama wanawaita mama. Akanyoosha kipaza sauti kuelekea ng'ambo.

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Watu walihama mbio kutoka kwa Ngeleja, wazee na fimbo zao, akina mama na watoto migongoni. Joakim aliruka juu na kupiga kelele kama kijana wa miaka kumi na nane. Bibi Naila, ambaye hakuelewa neno, alipiga picha umati na akaandika kwamba ujumbe umepokelewa kwa furaha kubwa na watu wasiopungua elfu mbili. Hakudanganya. Furaha ilikuwepo.

Ngeleja hakujibu siku hiyo. Alijibu wiki mbili baadaye, na jibu lilikuwa la fundi. Aliimba kwamba maji ya kuchemsha ni ya mwanamke aliyejifungua jana, basi Bagika wote wamejifungua, wanaume kwa wanawake, na sasa nani atawapikia uji? Wimbo ule ulivuka kijito siku hiyohiyo. Vijana wa ng'ambo wakikutana na mwanamume wa upande wa Joakim wanamwuliza mtoto anaendeleaje, amenyonya?

Na kuanzia hapo, ng'ambo, sufuria ya maji matupu juu ya moto ikawa si sufuria tena. Ilikuwa usaliti.

Joakim aliambiwa hayo na Elina mwenyewe, siku ya gulio, amekaa na ungo wake wa choroko. Alimweleza taratibu, bila hasira, kama mtu anayesimulia mvua. Alikuwa akichemsha tangu mwaka wa juzi, Joakim alipomfundisha jikoni kwake, kabla ya mambo ya nyimbo. Majirani sita walikuwa wamemwiga. Sasa wote wameacha. Yeye alijaribu kudanganya kwamba anasonga ugali, lakini mama mkwe akafunua sufuria, akaona maji yanatokota yenyewe, akayamwaga uani mbele ya watu na kumwuliza kama amerudi kwao.

"Mwambie mumeo aache," Joakim alisema.

"Wewe mwambie Maganga wako aache."

"Maganga si wangu."

Elina alimtazama mpaka akainamisha macho. "Joa, huyo mama wa Tanga hakumjua Maganga. Nani alimtajia?"

Joakim alinunua choroko ambazo hakuzihitaji, akaondoka.

Mvua za mwaka ule zilianza Oktoba na zikasahau kuacha. Barabara zilikatika, pamba iliyobaki ikaoza mashambani, na lambo likafurika likabeba kila kilichokuwa kimeachwa vichakani na watu wasio na vyoo, yaani karibu watu wote. Kipindupindu kilisikika kwanza Lamadi, kwenye wauza samaki. Kisha mchuuzi mmoja wa dagaa alirudi nyumbani kwake ng'ambo akiwa amejikunja juu ya baiskeli, na kesho yake akazikwa. Alioshwa na ndugu zake kwa heshima zote, nao wakala msibani kwa mikono ileile. Katika siku tisa walikufa watu kumi na mmoja. Kumi walikuwa wa ng'ambo.

Joakim alivuka kila asubuhi, maji yakimfika kiunoni, pakiti za chumvi za waharishaji na chupa ya dawa ya maji zikiwa kichwani. Hakuna aliyemfukuza. Huo ndio ubaya wake. Angefukuzwa angejua pa kushika. Walimpa kigoda, wakaitikia mwangaluka, wakamwuliza habari za watoto na za ng'ombe, wakapokea pakiti kwa mikono miwili. Akiondoka pakiti zinabaki kwenye kigoda. Bibi mmoja, mwenye wajukuu wawili wamelala ndani macho yameingia, alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, zipeleke kwa Maganga. Sisi ni ndama."

Alikwenda kwa Ngeleja. Alimkuta amekaa barazani, anaangalia mvua, na Elina anapeta mtama nyuma yake. Joakim alianza kueleza vijidudu, kinyesi, lambo, yote aliyofundishwa Bariadi. Ngeleja alimwacha amalize.

"Shemeji, mimi si mjinga," alisema. "Hayo nayajua. Dada yako alinichemshia zaidi ya mwaka na sikuwahi kuharisha. Ungekuja hapa mwezi wa tano peke yako, ukaketi hapo ulipo, ukaniambia nitunge, ningetunga wimbo ambao hata mbwa wangechemsha."

"Basi tunga sasa. Watu wanakufa."

"Nikisema sasa chemsheni, nitakuwa nimesema nini? Nitakuwa nimesema Maganga alisema kweli, watu wangu ni ndama. Hawatanisikia. Watasema Ngeleja amenunuliwa na shemeji yake, na watamwaga zaidi."

Elina aliacha kupeta. Alisema kwamba wao wawili wanaongea kama watu wenye muda. Kisha akaendelea na mtama wake.

Siku ya tatu baada ya hapo mama mkwe wa Elina aliugua. Elina ndiye aliyemsafisha, maana nani mwingine? Yule mama alikufa saa sita mchana. Alfajiri iliyofuata Ngeleja na majirani watatu walitokea ukingoni mwa kijito wamebeba kitanda cha kamba, na Joakim, aliyekuwa anavua viatu avuke, alimjua dada yake kwa kitenge kwa sababu sura hakuitambua. Usiku mmoja ulikuwa umemnywa.

Walimpeleka zahanati, mabega yakibadilishana, matope mpaka magotini. Nje ya zahanati palikuwa na hema, ndani yake vitanda vilivyotobolewa katikati, ndoo chini ya kila tundu. Dripu zilikuwa zimekwisha jana. Gari la kuleta nyingine lilikuwa limekwama upande wa pili wa mto Simiyu. Mganga wa zahanati alisema mnyweshe, mnyweshe tu, asiache. Joakim alichanganya pakiti, alimnyanyua kichwa, alimnywesha kwa kijiko. Kilichoingia kilitoka. Alihesabu vijiko mpaka akapoteza hesabu, akaanza upya.

Kwenye saa nne asubuhi Elina alifumbua macho. Sauti yake ilikuwa imekauka, ikabidi Joakim na Ngeleja wainame wote wawili, vichwa vikigusana.

"Mimi sikuwa nacheza ngoma," alisema. "Nilikuwa nateka maji tu."

Saa tano alikufa.

Hawakupewa mwili. Mabwana afya wenye glavu walimnyunyizia dawa, wakamfunga kwenye turubai kama mzigo wa pamba, wakamzika nyuma ya zahanati, pasipo kuoshwa, pasipo kilio cha siku tatu, pasipo chungu hata kimoja cha msiba. Ndugu waliruhusiwa kusimama hatua thelathini. Joakim na Ngeleja walisimama hatua thelathini. Kati yao palikuwa na hatua mbili, nazo zilionekana ndefu kuliko zile thelathini.

Wakati wa kurudi Ngeleja ndiye aliyefungua mdomo. Alisema sasa yuko tayari kuimba, wamwite msaliti wakitaka. Joakim akamwambia amechelewa. "Ukiimba wewe, wa kwetu watamwaga. Watasema chemsha imekuwa ya Bagalu. Wa kwenu wamekufa kwa sababu ya Maganga, na wa kwetu watakufa kwa sababu yako."

Walitembea. Mvua ikaanza tena.

"Basi hakuna wimbo," alisema Ngeleja.

"Upo. Mnitukane mimi."

Ngeleja alisimama njiani. Joakim alimweleza huku akitazama matope. Hakuna manju anayependwa na watu wote, lakini mtu wa kuchekwa na watu wote anaweza kupatikana, na ushahidi upo. Aimbe jinsi Joakim alivyomdanganya mama wa Tanga. Aimbe kwamba Joakim alijichemshia maji nyumbani kwake akanywa peke yake, dada yake anakufa ng'ambo. Ila kila alichofanya Joakim kwenye wimbo akifanye sawasawa: maji yatokote mpaka yaruke kwanza, yapoe, yafunikwe, yatekwe kwa kata yenye mpini, mkono usiingie. Watu wanaweza kukataa mafundisho, lakini tusi tamu hawalikatai, na hawaliimbi nusu.

"Na Elina nimtie?"

Joakim alivuka dimbwi la matope. "Mtie. Bila yeye watacheka tu, halafu wasahau."

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa Maganga akamwomba jambo lilelile. Maganga alikataa. Alisema Joakim ni rafiki yake, ni Mgika mwenzake, na ndiye aliyempa kipaza sauti. Joakim akamjibu kwamba Ngeleja tayari ameshaanza kutunga, na akichelewa itasemwa Bagalu wanajua kumtukana Joakim Mboje kuliko Bagika wanaoishi naye. Hilo Maganga alilielewa mara moja.

Ngoma zilikuwa zimepigwa marufuku, mikusanyiko hairuhusiwi, kwa hiyo nyimbo zilitembea zenyewe. Zilipita na wachunga ng'ombe, zilipita na wanawake wa kisimani, zilivuka kijito pamoja na mbuzi. Maganga alitoa ubeti, Ngeleja akatoa mbili, Maganga akajibu kwa sufuria kubwa zaidi. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote walikuwa wanashindana bila kugusana. Mpaka Krismasi hapakuwa tena na wimbo wa huyu na wa yule, ulikuwa mmoja mrefu, kila mtu akiuanzia anapopenda. Na kwa vile asiyechemsha alikuwa anamwachia Joakim, aliyemwua dada yake, maji mazuri anywe peke yake, moshi ulianza kuonekana ng'ambo asubuhi na mapema, halafu huku, halafu huku na ng'ambo kwa pamoja. Mabua ya pamba yalikuwa yameloa. Watu walivunja uzio, walivunja vichanja. Hakuna aliyesema kwa nini. Januari walizikwa watu wawili. Februari hakuzikwa mtu.

Joakim aliendelea na baiskeli yake. Mke wake, Apolonia, aliacha kwenda kwenye chama cha akina mama kwa miezi mingi, na mwanawe wa kwanza alirudi kutoka shule na mdomo umepasuka kwa kupigana na wimbo. Joakim aliwaambia wavumilie, kisha akaona neno lenyewe halina kazi, hakulirudia. Kanisani watu walimpa amani ya Kristo kwa ncha za vidole.

Mwezi wa nne alipita kisimani, kile kilichochimbwa baada ya maafa, upande wa juu mbali na lambo. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wa pande zote mbili na ndoo zao. Katikati yao alikuwepo bi harusi mgeni, ameolewa wiki iliyopita akitokea Lagangabilili, hajamjua bado mtu wala nyumba. Alikuwa anaimba huku akizungusha kata, anajifunza wimbo wa ukweni ili afanane na wenzake. Wengine walimwona Joakim wakanyamaza mmoja mmoja. Yeye aliendelea peke yake, kwa sauti safi, maji yakaruka, yakapoa, mpaka pale Elina anapoita kutoka ng'ambo. Hapo jirani yake alimfinya mkono, akamnong'oneza. Kata ilianguka.

Joakim aliegemeza baiskeli kwenye mguu wake. Alisubiri. Hakuna aliyemtazama.

"Endelea, mama," alimwambia. "Hapo bado kufunika mtungi."